Mnazi Uliosahau Kuzaa

Leo Mwachiro alipanda mnazi wake bila kibuyu, kisu chake cha kugemea, kotama, tu kiunoni. Wanywaji waliomngoja chini na vikombe vyao wakacheka.

"Mgema, tembo utalishusha kwa kiganja?"

Aliendelea kukwea. Kivulini alikuwa amelala Ngowa, mwanawe wa pekee, macho ya manjano kama bizari, tumbo limemvimba kama la mja mzito. Tangu alipokuwa mchanga akilambishwa povu kidoleni na watu wakishangilia, Ngowa hakuwahi kulewa tembo la mtu mwingine. Lote lilikuwa la baba yake.

Kileleni, Mwachiro alikata kamba alizofungia makarara ya maua yasichanue. Mnazi unaogemwa hauzai nazi, na huu haukuwa umezaa tangu Ngowa azaliwe. Kisha akaangusha vibuyu vilivyoning'inia humo vikikinga tembo, kimoja baada ya kingine, tembo likamwagika mchangani.

"Una wazimu wewe!" wakapiga kelele. "Sasa tutakunywa nini?"

"Madafu," akasema. "Subirini uzae."

Wakaondoka wakimlaani. Ngowa peke yake alibaki. Aliinuka akiyumba, akashika shina, akatazama juu. Kikonyo cha karara kilichogemwa asubuhi kilikuwa bado kinadondosha.

"Baba," aliita, kisha akapanua mdomo.

"Sogea kando, mwanangu."

Ngowa hakusogea.

Mwachiro akaukumbatia mnazi kwa mkono mmoja, na ule wa pili akaukinga chini ya kikonyo. Tone likaangukia kiganjani, na jingine, na jingine. Kiganja kikaanza kujaa.