Ukumbi Uliowafunga Mafundi

Chuo cha wanyama kilipojenga ukumbi mpya, kilileta mafundi watatu wa kampuni tatu, na hawakuulizana hata neno. Nyani aliweka taa zinazozimika kukiwa kimya. Kunguru aliweka feni zinazosimama taa zikizimika. Nungunungu aliweka milango inayofunguka feni zikisimama.

Siku ya uzinduzi waliingia na Mkuu wa Chuo, Bi Tandala, kila mmoja akijisifu. Kelele zao ziliwasha taa, taa zikazungusha feni, milango ikajifunga paa! Nje wageni wanasubiri, pilau inapoa.

"Milango yako mibovu!" Kunguru alimfokea Nungunungu.

"Inasubiri feni zako, bwana!"

"Feni zangu zinasubiri taa za huyu bwege!"

"Bwege nani?" Nyani akarukia meza.

Walibishana mpaka sauti zikawakauka. Nyani akafungua mdomo kujibu tena, neno lisitoke. Ukumbi ukatulia. Taa zikazimika, feni zikasimama, milango ikafunguka.

Bi Tandala alitoka nje upesi, kisha akacheka hadi machozi.

"Mitambo yenu inaelewana vizuri kabisa," alisema huku akikimbilia pilau. "Ilikuwa inawasubiri nyinyi mnyamaze."