Pangaboi la Bi Mwanakheri

Bi Mwanakheri alipomaliza eda, kitu cha kwanza alichokwenda kununua kilikuwa pangaboi la chumbani. Marehemu mumewe hakulitaka. Alikuwa na pumu, na upepo ulimbana kifua, kwa hiyo maisha yao yote ya ndoa walilala na joto lao.

Sudi, mwenye duka, aliwasha mapangaboi moja baada ya jingine, kisha akamwonyesha jeupe.

"Chukua hili, mama. Halina sauti kabisa. Utalala kama vile hakuna kitu."

Bi Mwanakheri akalitazama likizunguka kimya juu yao. "Na lile la pembeni?"

"Lile lina kasoro. Linakoroma. Nataka kulirudisha nilikolinunua."

"Hebu liwashe nilisikie."

Likaanza kuzunguka taratibu, likivuta na kuachia, likivuta na kuachia. Bi Mwanakheri aliinamisha kichwa akasikiliza, mpaka Sudi akaona haya kuendelea kumwangalia.

"Nipe hili," akasema. "Chumba kimekuwa kimya mno, mwanangu."

Alasiri ile Sudi alikwenda mwenyewe kumfungia, akaliwasha, akaaga.

Bi Mwanakheri alishusha chandarua, akajilaza kwenye upande wake wa kitanda, ule wa ukutani. Huko upande wa pili upepo ulikijaza chandarua, kikavimba, kikatulia, kikavimba tena. Alikitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, polepole, akauweka pale kitambaa kilipokuwa kikipanda na kushuka.