Wa Mwisho Mstarini

Fundi seremala alikuwa amemaliza saa nzima bila kugeuka nyuma, na shingo ilikuwa inamwasha kwa hamu ya kugeuka.

Lakini masharti ni masharti. Katika hifadhi ile iliyo mbali na kila kitu, wageni huenda bwawani kwa mstari mmoja, bila kusema, bila kugeuka, maana korongo wanaoatamia huko wakishtuka huyaacha mayai. Kila kituo mwongozaji husimama. Wa mwisho humgusa mgongoni mara mbili aliye mbele yake, naye humgusa wa mbele yake, hadi mguso umfikie mwongozaji ajue watu wametimia.

Nyuma ya mwongozaji alikuwa binti, kisha fundi, baba yake. Wa mwisho alikuwa mchumba wa binti, ambaye ndiye aliyeipanga safari hii ili mzee amzoee.

Fundi hakuwa na mpango wa kumzoea mtu. Kijana alikuwa muuza miwani, na asubuhi walipopeana mikono fundi alihisi ameshika mkate. Alikuwa ameshaamua kwamba jioni, wakifika nyumbani, atasema hapana. Binti alilijua hilo, ndiyo maana pale getini alijisahaulisha kwa kusoma mabango. Alimsomea baba yake lile la sokwe yatima aliyelelewa kituoni kwa chupa ya maziwa, sasa mwizi sugu wa kofia. Fundi hakucheka.

Kituo cha kwanza, mguso ulikuwa wa woga, kama mtu anayegonga mlango wa bosi. Fundi akasonya kimoyomoyo.

Kituo cha pili ulikuwa mwingine kabisa: pu, pu, bila kusita. Kumbe ukimtoa dukani anachangamka, fundi akawaza. Cha tatu hivyo hivyo. Njia ilikuwa matope na mizizi mitupu, fundi mwenyewe aliteleza mara mbili, lakini nyuma yake hakusikia mtu akijikwaa wala akihema. Alisikia tu kitu kikitafunwa, akakisamehe kwa kuwa hata yeye njaa ilikuwa inamuuma.

Kituo cha nne jua likawa kali. Fundi akanywa maji nusu chupa, kisha, bila kujua kwa nini, akaipeleka chupa nyuma ya mgongo wake. Ikapokelewa. Iliporudi ilikuwa tupu, na vidole vilivyoirudisha viligusa vyake. Vilikuwa vigumu, vikavu, vyenye sugu kama vya mtu wa kazi. Fundi akaona haya. Ule ulaini wa asubuhi ulikuwa mafuta ya kujipaka tu, basi. Miaka arobaini anapima mbao kwa jicho bila kukosea, na leo ameshindwa kumpima binadamu mmoja.

Hatua chache kabla ya mnara wa kutazamia ndege, akavunja sharti. Alinong'ona, macho mbele.

"Binti yangu nimekupa. Neno langu silirudishi. Umtunze."

Mbele yake mabega ya binti yakatikisika. Alikuwa analia, au anacheka, au vyote viwili. Na mgongoni kwa fundi, pu, pu.

Walipofika chini ya mnara mwongozaji akainua mkono: sasa ruhusa kusema. Juu ya ngazi kijana alikuwa ameketi, akawainukia kwa heshima, mguu mmoja peku, kiatu mkononi.

"Samahani, mzee," alisema. "Soli iliachia pale kituo cha kwanza. Tuliambiwa tusiseme, nikaogopa kuwaita. Nilirudi getini, dereva wa hifadhi akanizungusha kwa gari hadi hapa."

Binti akamtazama mchumba wake, kisha akamtazama baba yake. Fundi alikuwa ameikumbatia ile chupa tupu, anajaribu kuyakumbuka maneno aliyoyatamka, moja baada ya jingine.

Nyuma yake, pu, pu. Kisha kofia ikamtoka kichwani taratibu, kwa adabu kabisa.