Akina Mama Mia na Themanini

Zamani, wanyama walipoanza kuhesabiwa, Kiboko, aliyejaza bwawa peke yake, alitangaza kwamba bonde limejaa. Kila mama abaki na mtoto mmoja. Waliozidi wavushwe mto, kwenye mamba. Akamtuma karani wake Korongo, aliyeandika kila alichoambiwa, aanze na nguchiro.

Sikitu, nguchiro aliyezaa mara ya kwanza, alimwona karani akija kuwapunguza watoto. Lakini nguchiro wana desturi yao. Huzaa wote siku moja, ndani ya shimo moja, na mtoto hunyonya kwa mama yeyote aliye karibu.

Korongo aliwatazama watoto ishirini. "Binti, wako ni yupi?"

"Wote, bwana karani."

"Usinichezee! Nauliza uliyemzaa."

"Ndio hao hao."

Akamgeukia jirani. "Nawe, shangazi?"

"Wote," alijibu huyo, na wa tatu vilevile, hadi wa tisa.

"Mtoto mmoja ana mama tisa?"

"Kila mtoto," alisema Sikitu, amesimama kwa miguu ya nyuma. "Andika. Zidisha mwenyewe. Wetu hawavuki, na anayetaka kuwavusha aje yeye, asitume karani."

Korongo akazidisha, akaandika.

Kiboko alisoma: akina mama mia na themanini. Akazama mpaka puani.

"Wana meno?"

"Makali, mkubwa. Wanakusubiri."

Kiboko alitazama huku na huku. "Futa amri," akasema, "na usiwaambie nimeuliza."