Buti la Polisi Mnene

Mhariri Sugawara alikuwa ameketi mkekani kwa mzee Hanawa tangu asubuhi, akisubiri ukurasa wa mwisho wa katuni ya wiki. Kwa miaka ishirini na sita Hanawa alikuwa amemchora polisi yuleyule mnene akitumbukia mtaroni.

"Leo anavuka," alisema Hanawa. "Nimechoka kumtumbukiza."

"Mwalimu, wasomaji wanataka atumbukie."

"Na wewe? Umewahi kucheka hata mara moja?"

"Mimi kazi yangu ni kusubiri, mwalimu."

Hanawa alisonya. Akachovya kalamu, akachora buti moja ukingoni na jingine hewani, kisha akamsukumia ukurasa. "Haya, mmalizie mwenyewe."

Sugawara aliinamia buti lile la hewani. Wino ulikuwa haujakauka. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.