Vitisho vya Kufundishia

“Nitakuzika mzima,” ilisema meseji, na Mwalimu Flavia akacheka mpaka ikabidi aanze kurekodi upya.

Alikuwa sebuleni kwake, pembezoni mwa mji wa Tabora, simu ikirekodi skrini pamoja na sauti yake. Somo lilikuwa la wasichana wa kidato cha pili: ukitumiwa vitisho, ufanye nini? Alilitunga baada ya kumnusuru mwanafunzi wake, Suzana, asiozwe. Bwana harusi alirudishiwa ng'ombe wake, akaondoka kimya, hata kuaga hakuaga.

Vitisho vya mfano alimwagiza mtani wake, Mwalimu Rashidi, Mzaramo asiyeishiwa maneno. “Tumia laini ngeni,” alimwambia, “na unitishe kweli kweli.”

Tangu asubuhi meseji zilikuwa zinamiminika.

“Wanangu, msifute,” Flavia alisema kwa sauti ya darasani. “Piga skrinshoti. Namba ionekane, saa ionekane. Kisha mwonyeshe mtu mzima unayemwamini.”

Skrini ikashusha nyingine: *Umenivunjia ndoa. Leo utanijua.*

Mama yake, Consolatha, alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti. “Ndoa gani tena hiyo?”

“Si Rashidi, mama! Kila mahali ananitambulisha kama mke wake.”

“Utani una kiasi chake. Huyu ana jambo moyoni.”

“Kwenye msiba wa baba si alilala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe soda? Mbona wewe ndiye uliyecheka kuliko wote?”

Safari hii mama hakucheka. Alichukua kitabu chake cha nyimbo, akaenda kwaya, na pale getini akageuka kutazama nyumba.

Haikupita muda. *Mama yako kaondoka. Umebaki peke yako.*

Flavia alichungulia dirishani. Jua lilikuwa limeipausha barabara. Hapakuwa na mtu wala kuku. Akarudi nyuma hatua moja. Mara akajisuta: mtani yuko nyuma ya ukuta, anasubiri apige yowe, Jumatatu amtangaze ofisi nzima kwamba Mnyamwezi kakimbia meseji. Thubutu! Hatampa raha hiyo.

Akaandika, simu ikiendelea kurekodi: *Mzaramo mwoga wewe. Mlango wa nyuma uko wazi. Njoo unizike.*

“Hili msiige, wanangu,” akaongeza. “Mimi namjibu mtani wangu. Mtu msiyemjua, kamwe msimjibu.”

Jibu likaja: *Nakuja.*

Mlango wa nyuma ukalia. Hatua zikaingia jikoni, nzito, za mtu asiye na haraka.

“Vua viatu, mtani, nimepiga deki!” Flavia alisema bila kugeuka. Hatua hazikusimama. Akaisogeza simu karibu na mdomo, akizuia kicheko. “Sasa, wanangu, mtamsikia mtishaji mwenyewe.”

Skrini ikashusha meseji moja zaidi, hii ikiwa na jina la Rashidi:

*Mke wangu wa Kinyamwezi, nisamehe. Nimekwama msibani Igalula tangu jana, simu ilikuwa imezima, chaji nimeipata sasa hivi. Vile vitisho vyako ndo kwanza naanza kuvitunga.*