Mlango Wenye Mistari

Panya namba kumi na saba alisimama mbele ya milango miwili, mmoja mweupe, mwingine wenye mistari myeusi. Aliinua pua, akachezesha sharubu, kisha akaingia kwenye mistari, kulikokuwa na chakula.

"Ameona!" mtafiti Solvår alinong'ona. "Ee Mungu, ameona."

Kwa miaka minne, katika maabara moja ya Trondheim, alitafuta kuthibitisha jambo moja tu: kwamba serotonini, kemikali ile ile inayotuliza moyo, hulinda pia retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Panya wote arobaini walimulikwa taa kali ya kuunguza macho. Ishirini walidungwa kwanza dawa inayoiga serotonini. Wenzao hawakupewa kitu. Ijumaa wafadhili wangekuja kuamua. Akishindwa, angerudi kwao Vardø, kwenye kiwanda cha baba yake, kupasua samaki.

Mzee Oddvar, mtunza panya, aliingia na kipande cha jibini ya kahawia.

"Shika, binti. Wiki iliyopita uliishiwa nayo, ukawawekea wale wasiopewa dawa chakula kikavu kisichonukia. Huo ni ukatili. Hata mimi nisingeufuata mlango huo."

"Mzee, mlango wanauchagua kwa macho, si kwa tumbo."

"Haya, daktari!" Oddvar alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Wewe ndiye uliyesoma."

Jioni matokeo yalikuwa mezani. Waliopewa dawa: kumi na tisa kati ya ishirini walichagua mistari. Wasiopewa: kumi tu, kama waliorusha sarafu. Solvår alirudia hesabu mara tatu. Kisha akapiga magoti katikati ya vizimba, akashukuru huku machozi yakimtoka.

Ijumaa wafadhili walisimama kumpigia makofi, wakampa miaka mitano zaidi. Profesa Hjørdis, mkuu wa maabara, ambaye hamsifu mtu, alikata keki kwa mkono wake.

"Huyu ametufumbua macho sote," alisema.

Oddvar alingoja watu wapungue. Kisha akamsogezea Solvår kalamu na fomu ya kuagizia panya wapya.

"Hongera, binti. Sasa niambie: niagize tena hawa hawa vipofu wetu wa siku zote, au safari hii unataka wanaoona?"